Namba Niliyoifuta Jumapili Ile

Mzee Gulamu, shikamoo.

Gari limeuzwa. Najua ungeuliza hilo hata kabla ya kuitikia marahaba, kwa hiyo nimelitanguliza. Liliondoka jana saa nane mchana juu ya trela, limefungwa mikanda minne, na mimi nilisimama kwenye mlango wa gereji yako pale Brampton mpaka lilipokata kona. Sikulia. Nimelia leo, ndiyo maana naandika.

Nimekuja kushukuru. Lakini niruhusu kwanza ninung'unike, ulishazoea. Si ulikuwa ukisema Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku? Nami nilikuwa nakujibu kwamba heri huyo kuliko mtu wa Tanga, ambaye hata hajui kuku wake ameibiwa lini. Basi kesi yangu ya kuku ni hii.

Arobaini yako ilipokwisha, mkeo Shirin, ninayemwita Mama Shirin kwa heshima, aliniita nyumbani kwenu Thornhill akanisomea karatasi uliyoiacha. Mistari mitatu. Gari aliuze Namsifu, maana hakuna anayelijua kama yeye. Fedha zote ampe Shirin. Namsifu achukue boksi langu la spana. Basi, kwisha. Mama akakunja karatasi, akaniongezea biriani.

Nilikaa kwenye kochi lenu nikala, na huku natafuna napiga hesabu. Miaka saba nilikuja kwenye gari lile. Tuseme Jumapili arobaini na sita kwa mwaka, nikitoa za ugonjwa na za theluji iliyoziba barabara. Hizo ni Jumapili mia tatu ishirini na mbili. Kila moja saa sita. Saa elfu moja mia tisa thelathini na mbili, Mzee. Nimelikwangua kutu, nimelipiga rangi ile ya kijani cha chupa mara mbili kwa sababu ya kwanza ulisema inafanana na mlango wa hospitali, nimeshona viti vyake kwa mkono. Na mwisho wa yote, spana thelathini na moja. Zilipaswa kuwa thelathini na mbili, ila namba kumi na tatu haimo.

Nilikasirika. Nakwambia wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Nilibeba boksi lako mpaka kwenye gari langu, na nilipolifungia kwenye buti sikulifunga taratibu.

Unakumbuka tulivyokutana? Nilikuwa nafungasha maboksi ghalani, nimepanga chumba cha chini ya ardhi kwenye nyumba ya watu, na kigari changu cha kwanza kikazimika mbele ya gereji yako. Nilishuka nikakipiga teke, nikakiambia kwa Kiswahili kwamba ni jeuri kama ukoo mzima wa aliyeniuzia. Sauti ikajibu kutoka chini ya gari jingine: "Usilitukane, binti, yanasikia haya." Nikaona miguu, kisha tumbo, kisha Mhindi mwenye ndevu nyeupe akijivuta kutoka uvunguni, anaongea Kiswahili cha Ngamiani kama aliyeshuka kwenye treni ya Tanga jana yake. Nilicheka mpaka nikasahau baridi.

Hukunidai chochote siku ile. Ulisema kama nina nguvu za kupiga teke namna ile, nina nguvu za kufungua nati, nije Jumapili. Jumamosi nisingeweza, maana ni Sabato yangu, na hilo lilikufurahisha. Ulisema hapo mambo yamepangika: Ijumaa yako, Jumamosi yangu, Jumapili ya gari.

Na gari lenyewe lilikuwa limekaa nyuma ya gereji chini ya turubai. La Kimarekani, la mwaka sitini na tisa, milango miwili, boneti ndefu kama kitanda, injini ya silinda nane. Ulilinunua likiwa mfu kwenye banda la mkulima mmoja. Ulinisimulia kwamba ulipokuwa unajifunza kazi Tanga, meneja Mgiriki wa shamba la mkonge alikuwa na gari la Kimarekani, na likiwaka asubuhi vikombe vya hotelini vilitetemeka kwenye visahani. Ulijiapiza kwamba siku moja utatetemesha vikombe vya mtu. Mama Shirin alilichukia tangu mwanzo. Alikuwa akiliita mke mwenza, na ukichelewa kurudi alikuuliza kwenye simu, "Umelala kwa bibi mdogo leo?"

Ulikuwa umepanga kulifufua uliuze. Hilo lilikuwa wazi, ulilisema kila Jumapili ya mwaka ule wa kwanza. Ukishaliuza utampeleka Mama Shirin ziara ya Karbala, maana ulimwahidi siku mlipofunga ndoa, na kila ilipokaribia kuwezekana kitu kilitokea: watoto, safari ya kuhamia huku, gereji. Ulisema injini ile ni ya gari lile lile tangu kiwandani, na magari ya namna hiyo yamebaki machache. Nilisikia, lakini sikuelewa. Injini ni injini, nilifikiri.

Halafu ghafla ukaacha kuyasema hayo. Nilipokuuliza tunauza lini, ulijibu, "Haliuzwi tena. Hili ni la kufundishia." Mwanafunzi hamuulizi mwalimu wake kwa nini anamfundisha.

Ila baadaye niliuliza, na vibaya. Mwaka nilioamua kufungua gereji yangu ya kunyoosha bodi na kupiga rangi, nilikuja kwako nimeandika kila kitu kwenye karatasi: kodi ya jengo, kompresa, chumba cha rangi. Nikakwambia, Mzee, tuuze gari, uwe mshirika wangu, fedha itarudi kwa miaka minne. Uliisoma ile karatasi mpaka chini. Ukasema hesabu ni nzuri, sioni kosa, lakini gari haliuzwi. Nikasema basi wewe ni mchoyo, unapenda chuma kuliko watu. Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu. Wewe ulifuta mikono yako kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

Nikaenda benki. Nikachukua mkopo wenye riba ya kuuma, nikaulipa wote kabla ya muda, na kila mwezi nilipoulipa nilijiambia kwamba nimejitengeneza mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Miezi minne sikukanyaga kwako. Niliporudi nilirudi na chupa ya chai, hatukuzungumza jambo lile, na hatukulizungumza tena mpaka moyo wako ulipokuchukua wakati wa baridi, na wakakulaza kwenye ardhi ngumu kama bloku ya injini. Nilisimama kwa akina mama nimejifunga mtandio, Msabato peke yangu, sijui niitikie nini.

Sasa nikueleze habari ya mauzo.

Niliweka tangazo na picha kumi na nne. Bei niliandika dola elfu arobaini na sita, na sikuibuni: nilitazama magari kumi na moja ya aina ile yaliyokuwa yanauzwa, nikayapanga kwa hali yake. Simu zilikuwa nyingi, wengi ni watu wa kutaka kusikia tu linavyonguruma. Wa kweli alikuwa mmoja, mzee wa Kizungu kutoka kaskazini, mpole, amevaa kofia ya sufu. Alikuja Jumapili. Niliwasha, vikombe vya chai kwenye meza yako vikacheza, naye akafumba macho. Nikasema moyoni, huyu ameshanunua.

Ndipo akatoa tochi na kioo kidogo chenye mpini, kama cha daktari wa meno. Akainama mbele ya injini, akamulika kwenye ubavu wa bloku, mahali padogo kama kipande cha kashata. Akamulika muda mrefu. Akaniuliza namba iko wapi.

Namba gani?

Akanieleza kwa upole, kama mtu anayeeleza msiba. Kiwandani waligonga namba mahali pale, na namba ile hulingana na ya gari. Ikiwepo, mnunuzi anajua hii ndiyo injini gari lilizaliwa nayo. Isipokuwepo, inaweza kuwa injini ya popote. Kwa namba angetoa elfu arobaini na sita bila kubishana. Bila namba, thelathini na moja. Akasema atangoja wiki moja, labda nina karatasi, labda nimekosea mahali pa kutazama.

Alipoondoka nilichukua tochi nikainama mwenyewe. Pale mahali palikuwa laini. Laini kabisa, Mzee, pameng'aa, naona jicho langu. Na ndipo nikaijua Jumapili ile.

Ilikuwa mwaka wa pili, majira ya baridi. Mpaka siku ile ulikuwa hujanipa injini, kazi yangu ilikuwa kutu na takataka. Ukaniambia nisafishe uso wa juu wa bloku, nitoe mabaki ya gasketi mpaka nione meno yangu, nawe ukaenda Thornhill kwenye msiba. Nilimaliza saa tano. Lakini mimi nimelelewa na mama ambaye ukiosha sufuria ndani tu bila masizi ya nje, unarudishiwa. Nikashika msasa nikaendelea. Ubavuni nikakuta mahali pamejaa rangi kuukuu na mikwaruzo, nikadhani fundi fulani mzembe aliteleza na tindo. Nikapasugua. Mikwaruzo haikutoka, nikachukua grinda. Nilipasugua mpaka pakawa kama kioo, na niliona fahari.

Uliporudi jioni ulivaa miwani. Ukapitisha dole gumba pale ubavuni, mara moja, mara ya pili. Kisha ukasema, "Safi. Umeing'arisha kama kikombe cha harusi." Ukamimina chai ukatoka nayo nje, kwenye theluji, bila koti, ukasimama umenipa mgongo mpaka chai ikaacha kutoa moshi. Nilifikiri umefurahi hadi umekosa maneno. Miaka yote hii nimesimulia watu: mwalimu wangu alisisimka siku ile, na Jumapili iliyofuata akanipa injini nzima mkononi.

Kwetu namba ya injini ikifutika unaandikishwa karatasi polisi, maisha yanaendelea. Ningejuaje kwamba huku ndiyo nusu ya roho ya gari? Lakini wewe ulijua.

Sikutaka kuamini. Jumatatu nikamleta pale Otieno, yule Mkenya niliyemwajiri kwenye gereji yangu. Akainama akatazama, akapiga mluzi. "Madam, hii ni kitu ya dakika kumi tu. Unajua namba? Tunagonga, tunaweka kutu kidogo, nani atajua?" Nikamwambia namba yenyewe siijui. Akasema, "Basi itafute. Elfu kumi na tano ni pesa, madam, hata kwa nyinyi mnaoenda mbinguni Jumamosi."

Nikaenda kuitafuta. Nisikufiche. Nilikwenda kwa Mama Shirin nikidhani kwamba nakwenda kutafuta karatasi za gari tu, lakini barabara nzima ya Bathurst nilikuwa nakumbuka kwamba kwenye droo yako ya chini kuna seti ya chapa za chuma za kugongea namba, sifuri mpaka tisa. Na sikuwa naitafuta kwa ajili yangu. Fedha ni zake. Aliyekosa ni mimi, na anayekatwa elfu kumi na tano ni mjane.

Mama alileta kopo la biskuti. Ndani, chini ya risiti, kulikuwa na karatasi nyembamba uliyoilaza juu ya namba ile kabla sijaigusa, ukapitisha penseli. Namba yote imetoka, nyeupe kwenye weusi, na pembeni umeandika: sawa na ya gari, alhamdulillahi. Nikamwambia Mama kilichotokea, mwanzo mpaka mwisho, nikijua atanitoa nyumbani kwake.

Akanitazama. "Kumbe hujui kwamba tunajua?"

Akasema: "Siku ile alirudi, akavua viatu, akakaa hapo hapo ulipokaa. Akasema, Shirin, Karbala itangoja. Nikamuuliza, mke mwenza ameungua? Akasema, hapana. Amesafishwa."

Mzee, nilicheka na kulia kwa pumzi moja, na Mama vilevile.

Akaendelea. "Nilimwambia amfukuze huyo Mpare. Akasema, mtu aliyesugua kutwa nzima bila mtu kumsimamia, huyo humfukuzi. Huyo unamfundisha haraka, kabla hajasugua kingine." Akasema ulimwapisha asiniambie, kwa sababu nikijua nitaanza kukulipa, na nikianza kukulipa nitaacha kujifunza. Ulinijua. Ningekulipa kweli, kila mwezi, na ningekuletea stakabadhi.

Nikamuuliza, na siku nilipomwita mchoyo? Mama akasema alikushauri uniambie siku hiyo. Ulijibu kwamba binti ndiyo kwanza anataka kufungua gereji yake, si wakati wa kumwambia mkono wake uliwahi kukosea.

Hapo hesabu yangu yote ilianguka. Zile saa elfu moja mia tisa na ushei nilizokuwa nakudai, mimi ndiye niliyekuwa nazila. Gari uliloweka kwa ajili ya Karbala ulilifungua nati moja moja mbele yangu kwa miaka mitano zaidi, ukalifunga, ukalifungua tena, ili nijue. Kila kinacholeta mteja kwenye mlango wangu leo kilitoka kwenye bloku ile niliyoiharibu. Na mimi nilikuwa nawaambia watu nimejitengeneza.

Nilirudi gereji na karatasi ya penseli. Nilifungua droo. Nikazipanga chapa kwenye meza kwa mpangilio wa namba ile, nikashika nyundo. Nataka ujue kwamba nilifika hapo. Dakika kumi, alivyosema Otieno, na Mama Shirin angepata fedha zake zote. Nikainama, nikaona tena jicho langu pale kwenye chuma. Dole gumba lako lilipita hapo hapo, nawe ulikuwa na namba kwenye kopo na chapa kwenye droo kwa miaka mitano. Dakika zako kumi zilikuwepo kila Jumapili. Hukuzitumia.

Nikarudisha chapa kwenye droo.

Nikampigia Mama kwanza, kwa sababu fedha ni zake na haki ya kukasirika ni yake. Nikamwambia nitamwambia mnunuzi ukweli, bei itashuka. Akasema, "Gulamu hakuwahi kuuza hata kabureta bila kutaja aibu yake. Utauzaje mke mwenza kwa uongo?"

Yule mzee wa Kizungu aliporudi nilimwambia namba ilikuwepo, niliifuta mimi kwa grinda nilipokuwa mwanafunzi, na hii hapa alama yake ya penseli. Nilimwambia karatasi hii si ushahidi, maana mtu yeyote angeweza kuitengeneza, asiilipie. Nikayaandika hayo kwenye hati ya mauzo kwa mkono wangu na jina langu kamili. Aliisoma, akanitazama, akauliza kama aliyepiga rangi ni mimi pia. Nikasema ndiyo, mara mbili. Akasema thelathini na moja. Hapo Upare ukaamka. Tulibishana nusu saa, nikamwonyesha mishono ya viti, nikamfungulia buti, nikawasha tena vikombe vikacheza. Tukashikana mikono kwa thelathini na tatu na mia tano. Karatasi ya penseli aliiomba, nikamnyima. Iko kwangu, nimeiweka kwenye fremu juu ya meza ya kazi, na Otieno ameshaniuliza ni cheti cha chuo gani.

Fedha zote nimempa Mama Shirin, kama ulivyoandika. Tiketi amekata, yeye na dada yake, wanaondoka baada ya wiki tatu. Amesema akifika huko atakutaja kwenye dua wewe kwanza, kisha mimi, kisha bibi mdogo. Elfu kumi na mbili na mia tano zilizopungua nilitaka kuzijaza mwenyewe. Alikataa. Alisema mume wake alishazilipa, nisimharibie.

Kwa hiyo sina la kukulipa, na hilo kwa mtu kama mimi ni gumu kuliko deni. Nimebaki na asante. Asante kwa Jumapili zote. Asante kwa kutoka nje na chai yako bila koti. Nisamehe lile neno la mchoyo.

Boksi la spana nimelisafisha, na safari hii nimeishia pale panapotakiwa. Zimo thelathini na mbili. Namba kumi na tatu ilikuwa kwangu, niliichukua siku niliyokuletea ile karatasi ya gereji yangu, sikuomba. Nadhani hilo pia ulilijua.

Wiki ijayo anaanza mwanafunzi wangu wa kwanza, mama mmoja Mkongo, anasafisha ofisi usiku na anataka kazi nyingine. Nakuahidi, Mzee wangu: siku atakayosugua kisichosuguliwa, nitapitisha dole gumba, nitamwambia safi, nami nitatoka nje. Chai nitatia tangawizi yetu na iliki yenu. Koti nitavaa, maana wewe ulipata kikohozi cha mwezi mzima.

Lala salama, mwalimu.

Mwanao wa Jumapili,
Namsifu